Siku 58 kati ya mvua na mgonjwa wa kwanza: funzo la utafiti wa Homa ya Bonde la Ufa

Mvua kubwa inaponyesha katika maeneo kame na Mto Tana ukavunja kingo zake, mazungumzo yetu huwa ni barabara zilizokatika, mashamba yaliyozama na familia zilizohama. Wachache hukumbuka kwamba maji hayo yakishatuama huamsha ugonjwa unaoweza kuua ndama, mbuzi na kondoo kwa mamia, kisha ukaingia nyumbani kwa mfugaji mwenyewe. Ugonjwa huo ni Homa ya Bonde la Ufa.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hauji ghafla. Watafiti waliofuatilia mlipuko wa 2006 na 2007 kaskazini mashariki mwa Kenya walipiga hesabu ya siku kwa kuwahoji wafugaji. Tangu mvua kubwa ianze hadi makundi ya mbu yatokee zilipita siku 24 hivi kwa wastani. Tangu mbu watokee hadi mnyama wa kwanza aonyeshe dalili zilipita siku 17 hivi. Tangu mnyama huyo augue hadi binadamu wa kwanza augue zilipita siku nyingine 18 hivi. Ukijumlisha wastani huo unapata takriban siku 58, yaani karibu miezi miwili.

Makala haya yanaeleza jinsi elimu hiyo ilivyopatikana, na jinsi mkazi wa Tana River anavyoweza kuzitumia siku hizo.

Ugonjwa uliotambuliwa hapa Kenya

Homa ya Bonde la Ufa ilipata jina lake humu nchini. Kuanzia 1930, wanakondoo na kondoo wenye mimba walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, wakiwemo Daubney na Hudson, walichunguza vifo hivyo na mwaka 1931 wakachapisha ripoti iliyoonyesha kwamba chanzo chake ni virusi. Waliona pia kwamba watu waliokuwa wakiwahudumia kondoo hao walipata homa.

Tangu hapo ugonjwa umerudi Kenya mara nyingi, ukiacha miaka mingi ya kimya katikati. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata mvua za El Nino. Watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa pekee. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulianzia Garissa na kuenea hadi maeneo mengine, Tana River na Kilifi zikiwemo. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini na vifo 155. Uchumi nao uliumia: utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba Kenya ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Mwaka 2018 ugonjwa ulizuka tena, safari hiyo Wajir ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika.

Virusi hukaa wapi miaka ya ukame?

Hili ndilo swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Ikiwa ugonjwa hupotea kwa miaka 5 au 10, hurudi ukitokea wapi?

Jibu kubwa lilipatikana katika mabonde madogo yanayotuamisha maji, karibu na Nairobi. Watafiti walichukua viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye maji hayo na kuvilea hadi vikawa mbu kamili. Mbu hao walikuwa hawajawahi kumuuma mnyama yeyote, lakini baadhi yao walikutwa na virusi. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 1985, yalionyesha kwamba mbu jike wa jamii ya Aedes anaweza kuwarithisha watoto wake virusi kupitia mayai.

Mbu huyo hatagi juu ya maji. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa madimbwi na mabonde. Maji yakikauka, mayai hubaki ardhini, na yanaweza kustahimili ukame kwa miaka. Mafuriko yakiyafunika, huanguliwa kwa wingi kwa wakati mmoja. Wachache kati ya mbu hao huzaliwa na virusi tayari, nao huwauma mifugo waliokuja kunywa maji na kula nyasi mpya.

Mnyama aliyeambukizwa huwa na virusi vingi katika damu yake. Hapo mbu wa jamii nyingine, hasa Culex wanaozaliana katika maji yaliyokaa muda mrefu, hunyonya damu hiyo na kupeleka virusi kwa wanyama wengine. Ndiyo maana mvua ya siku mbili kwa kawaida haileti mlipuko. Mvua inayoendelea kwa wiki kadhaa na kuacha maji yametuama ndiyo ya kuogopwa.

Onyo linalotoka angani

Wanasayansi walipoelewa uhusiano wa mvua, mbu na ugonjwa, walijiuliza kama wangeweza kutabiri mlipuko. Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walilinganisha kumbukumbu za milipuko ya Kenya tangu 1950 na hali ya joto la bahari ya Pasifiki na Hindi, pamoja na picha za setilaiti zinazopima jinsi ardhi ilivyo na majani mabichi. Mwaka 1999 walichapisha matokeo yao: kwa kutumia vipimo hivyo, milipuko ya Afrika Mashariki ingeweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla.

Mtihani ulikuja mwaka 2006. Bahari ilipata joto, mvua ikazidi, na onyo kuhusu Pembe ya Afrika likatolewa kati ya wiki 2 na 6 kabla ya ugonjwa kuonekana. Utabiri ulikuwa sahihi. Mwezi Desemba, vipimo vya maabara ya KEMRI vilithibitisha kwamba homa iliyokuwa ikiua watu Garissa ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa.

Hata hivyo, watu na mifugo walikufa. Kwa nini?

Mfugaji alijua mapema

Baada ya mlipuko huo, timu iliyohusisha watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilienda kuzungumza na wafugaji. Hapo ndipo hesabu ya siku tuliyoitaja mwanzoni ilipopatikana. Waligundua kwamba wafugaji Wasomali waliutambua ugonjwa kwa dalili zake na walikuwa na jina lake, *sandik*, likimaanisha pua inayotoka damu. Walikumbuka kwamba mara ya mwisho waliuona wakati wa mvua za 1997 na 1998. Walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida na makundi ya mbu hata kabla ya maonyo ya kimataifa kutolewa.

Utafiti huo haukuficha upande wa pili. Tangu mnyama wa kwanza aonekane kuugua hadi huduma za mifugo za serikali zifike, zilipita takriban siku 60 kwa wastani. Kumbuka kwamba binadamu wa kwanza aliugua siku 18 hivi baada ya mnyama wa kwanza. Huduma zilifika wakati watu walikuwa wameshaanza kuzikwa. Sababu mojawapo, walisema watafiti, ni kwamba maafisa walisubiri uhakika kamili ndipo wachukue hatua kubwa kwa mara moja, badala ya kuchukua hatua ndogondogo kadiri hatari ilivyoongezeka.

Mambo kadhaa yamebadilika tangu wakati huo. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za afya na za mifugo mashinani ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Katika ngazi ya taifa, tangu 2012 kuna kitengo cha pamoja kati ya wizara ya afya na idara ya mifugo kinachoshughulikia magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Maafisa wa mifugo pia wanatuma ripoti kwa simu kupitia mfumo wa kitaifa uitwao KABS, badala ya karatasi zilizochukua wiki nzima kufika Nairobi. Lakini mfumo wowote huanza kazi pale mtu wa kwanza anaposema ameona nini kwenye zizi lake. Mtu huyo ni wewe.

Dalili za kuangalia kwenye zizi

Dalili kubwa ni mifugo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja. Mnyama mmoja akitupa mimba, sababu zinaweza kuwa nyingi. Nusu ya kundi la kondoo wakitupa mimba ndani ya wiki moja, baada ya mvua kubwa, hiyo ni dharura. Katika mlipuko, karibu kondoo wote wenye mimba walioambukizwa hupoteza watoto wao.

Dalili nyingine ni vifo vya ghafla vya wanakondoo na wanambuzi wachanga, homa kali, mnyama kukosa nguvu, kuhara na kutokwa na damu au kamasi puani. Ng'ombe na ngamia nao hutupa mimba, ingawa wakubwa wanaweza wasionyeshe dalili nyingine.

Jinsi unavyoingia kwa binadamu

Wengi hudhani kwamba ugonjwa huu huletwa kwa binadamu na mbu peke yake. WHO inaeleza kwamba maambukizi mengi ya binadamu hutokana na kugusa damu au viungo vya mnyama aliyeambukizwa. Wanaopata hatari zaidi ni anayechinja na kuchuna, anayemsaidia mnyama kuzaa, anayetupa kondo na mimba iliyoharibika, na anayemtibu mnyama bila kinga. Kunywa maziwa mabichi au damu mbichi nako kuna hatari.

Dalili huanza kati ya siku 2 na 6 baada ya maambukizi: homa, maumivu ya misuli, viungo na kichwa. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache hupata madhara makubwa: kupoteza uwezo wa kuona, ubongo kuvimba, au kutokwa na damu. Aina hii ya mwisho hupata chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini karibu nusu ya wanaoipata hufariki. Mama wajawazito wanahitaji uangalifu wa pekee. Utafiti uliofanywa Sudan na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba wajawazito walioambukizwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika kuliko wengine waliokuwa na homa ya sababu tofauti.

Jambo moja la kutuliza moyo: hakuna ushahidi kwamba ugonjwa huu umewahi kuenea kutoka kwa binadamu hadi kwa binadamu mwingine. Mgonjwa asitengwe na familia yake. Apelekwe hospitalini, na mhudumu wa afya aambiwe mapema kama mgonjwa amekuwa karibu na mifugo. Ukisema "homa" peke yake, unaweza kupimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Kwa nini wengine hunyamaza

Tunalijua jambo hili na hatutalipita kimya. Mfugaji anapoona mifugo wakitupa mimba, hofu yake ya kwanza si virusi. Anaogopa kwamba akisema, soko litafungwa na yeye atabaki na mbuzi asioweza kuwauza wakati karo ya shule inadaiwa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2007 usafirishaji na uchinjaji wa mifugo ulisimamishwa katika maeneo yaliyoathirika, na walioumia si wafugaji tu. Wachinjaji, wapakiaji, wenye malori na wauza nyama wote walikosa kazi.

Lakini tazama hesabu ya siku. Taarifa ikifika wakati ni mazizi mawili yameathirika, sampuli huchukuliwa na zuio linaweza kuwekwa kwenye eneo dogo. Taarifa ikikaa wiki 6, ugonjwa huwa umeshasafiri na malori hadi kaunti nyingine, na hapo zuio huwa kubwa na la muda mrefu. Kunyamaza hakulilindi soko. Hukawiza tu siku ya kufungwa kwake na kuongeza ukubwa wa hasara.

Chanjo: wakati wake ni kabla

Ipo chanjo ya mifugo, na hutengenezwa humu nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu. Ina upungufu mmoja: inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Ndiyo sababu afisa wa mifugo hukuuliza ni wanyama gani wenye mimba kabla ya kuchanja. Mwambie ukweli.

La muhimu zaidi ni wakati. Ugonjwa ukishaingia kwenye kundi, kuchanja kwa haraka kunaweza kuleta madhara, kwa sababu sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi hubeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Watafiti waliochunguza mlipuko wa 2006 na 2007 walihitimisha kwamba chanjo za dharura hazikusaidia kuupunguza, kwa kuwa kukusanya dozi za kutosha kulichukua muda mrefu. Mifugo huchanjwa wakati anga ni kavu na wafugaji hawaoni haraka yoyote. Afisa akija msimu huo, usimwambie arudi mvua ikinyesha.

Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya umma. Jirani zetu Kilifi wako mstari wa mbele katika kuitafuta. George Warimwe, mwanasayansi wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust na wa Chuo Kikuu cha Oxford, ameongoza kazi ya kutengeneza chanjo moja inayolenga kuwafaa mifugo na watu. Jaribio la kwanza kwa watu lilifanyika Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba wajitoleaji waliichukua salama na miili yao ikatengeneza kinga.

Vipi kuhusu kupe na mbu wa nyumbani?

Homa ya Bonde la Ufa haiko peke yake. Kupe nao hubeba virusi. Ugonjwa wa kondoo na mbuzi unaojulikana duniani kwa jina la Nairobi huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, yule yule anayeeneza ndigana kali ya ng'ombe. Ndigana yenyewe haitokani na virusi, ila josho linalomuua kupe hukinga yote mawili.

Kupe wakubwa wenye miguu ya mistari, wa jamii ya Hyalomma, wanaweza kubeba virusi vya homa ya Crimean-Congo. Mnyama mwenye virusi hivyo haonekani mgonjwa, lakini binadamu anaweza kuvuja damu na kufa. Kisa cha kwanza cha binadamu kuthibitishwa Kenya kilikuwa mwaka 2000, magharibi mwa nchi. Baadaye watafiti walivikuta virusi hivyo kwa kupe waliokusanywa kwenye mifugo ya kaskazini mashariki. Kwa hiyo usimpasue kupe kwa kucha wala kumponda kwa vidole.

Ukame nao una mbu wake. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka kwa jirani zetu wa Lamu, na utafiti ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Wakati huo mvua ilikuwa haba. Watafiti walieleza kwamba watu walikuwa wakihifadhi maji kwenye mitungi na mapipa yaliyobaki wazi, na humo ndimo Aedes aegypti huzaliana. Mbu huyo ndiye pia anayeeneza dengi. Funika pipa lako hata wakati wa kiangazi.

Ufanye nini?

*Mvua kubwa ikianza:* hamisha mifugo, ikiwezekana, kutoka mabonde yanayotuamisha maji hadi sehemu zilizoinuka. Familia nzima ilale ndani ya neti zenye dawa.

*Mbu wakizidi:* mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako, hata kama hakuna mnyama aliyeugua. Mbu wengi ni taarifa tosha.

*Mifugo wakianza kutupa mimba:* ripoti siku hiyo hiyo kwa afisa wa mifugo, chifu au mhudumu wa afya ya jamii. Usiguse mimba iliyoharibika kwa mikono mitupu. Tumia glavu au mifuko ya plastiki isiyo na tundu, kisha zika kwa kina mbali na maji, mahali mbwa hawawezi kufukua. Usiuze wala kuhamisha mnyama yeyote wa kundi hilo.

*Jikoni na buchani:* usichinje mnyama mgonjwa ili kuokoa nyama, na usile mzoga. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Nyama ipikwe hadi iive kabisa, na maziwa yachemshwe.

*Ukipata homa baada ya kugusa mifugo:* nenda kituo cha afya mapema na ueleze kazi uliyokuwa ukiifanya.

Setilaiti inaweza kuona mvua na majani mabichi. Haiwezi kuona kondoo wa tatu akitupa mimba usiku katika boma moja nje ya Garsen, Bura au Hola. Anayeliona hilo ni mwenye boma. Akilisema asubuhi yake, bado zimebaki siku kadhaa kabla ya binadamu kuugua, na siku hizo zinatosha kuokoa maisha.